Je, Wajua? Kichanga Mwenye Pasi Yake Mwenyewe

Jua likianza kuzama Forodhani, Unguja, watoto hujirusha baharini kutoka ukutani na wazazi wao husubiri mishkaki na juisi ya miwa. Katika foleni moja utamkuta Mpemba, Mjerumani, Mngazija, Mmarekani na Muomani. Mapajani mwa mmoja wao yupo kichanga ambaye, kwa mujibu wa karatasi zake, ni mgeni kwa baba yake, au kwa mama yake, au kwa wote wawili. Hapa kwetu jambo hilo halimshtui mtu. Ndoa za ng'ambo ya bahari tunazo tangu enzi za majahazi. Lakini mpe kichanga huyo pasipoti na tiketi, halafu uangalie maajabu yanavyofuatana.

Mwenye kupanga foleni ya viza ni baba

Mtanzania mtu mzima akichukua kwa hiari uraia wa nchi nyengine, wa Tanzania unamtoka. Mwanawe mchanga aliyezaliwa na uraia wa nchi mbili hana tatizo hilo: Sheria ya Uraia ya 1995 inamwacha nao wote mpaka atimize miaka 18, ndipo achague.

Chukua mfano wa baba wa Mkunazini na mama wa Ujerumani. Mtoto wao wa miezi mitatu anaweza kuwa na pasi mbili. Uwanja wa ndege wa Zanzibar anatoka kwa ya Tanzania, Frankfurt anaingia kwa ya Ujerumani, na hakuna afisa wa kumuuliza viza popote. Anayejaza fomu, kutafuta taarifa za benki na kusubiri miadi ya ubalozi ni baba aliyembeba. Kichanga ndiye mwenyeji wa kila upande, na mtu mzima ndiye mgeni.

Urithi unaoishia mlango wa kwanza

Mtoto wa Mtanzania akizaliwa Muscat, London au Toronto ni Mtanzania, iwe raia ni baba au ni mama. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba uraia huo wa kurithi haurithishwi tena nje ya nchi. Mtoto huyo akikua, akaoa huko huko Muscat na mkewe si Mtanzania, akapata mtoto huko huko, kwa sheria yetu mjukuu huyo hazaliwi Mtanzania, hata kama bibi yake bado anauza vitumbua Michenzani.

Ndiyo maana baadhi ya kina mama wa ughaibuni hufunga safari kuja kujifungulia nyumbani. Watu husema wanafuata uzazi wa kwao, uji wa pilipili manga na mkandaji wao. Kumbe, pengine bila ya kujua, wanamnunulia mjukuu ambaye hajafikiriwa bado haki ya pasi.

Cheti cha Zanzibar, pasi ya Muungano

Yapo mambo mawili yanayomhusu kila kichanga wa Unguja, na kila moja lina serikali yake. Kuzaliwa kwake kunaandikwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, chombo kilichoundwa kwa sheria ya 2018. Bara kazi hiyo ni ya wakala wa RITA. Lakini pasi yake inatoka Uhamiaji, idara ya Muungano, kwa sababu uraia na uhamiaji vilikuwa miongoni mwa mambo 11 ya mwanzo yaliyowekwa pamoja mwaka 1964.

Tena ndani ya Utanzania wake kuna ngazi nyengine, kwa sababu Sheria ya Mzanzibari ya 1985 inaeleza nani ni Mzanzibari na nani si Mzanzibari. Kichanga hajajua hata kugeuka kitandani, na tayari faili zake ziko kwenye madawati matatu.

Kosa linalofanyika sana ni kudhani kwamba cheti cha kuzaliwa ni cheti cha uraia. Wageni wawili wanaoendesha hoteli Nungwi wakipata mtoto hapa, watapewa cheti cha Zanzibar kama wazazi wengine wote. Kwa pasi, hata hivyo, watakwenda kwenye ubalozi wao Dar es Salaam, na mtoto aliyezaliwa Unguja, asiyeijua nchi nyengine yoyote, atahitaji kibali cha kukaa Unguja.

Nchi nne bila ya kutoka kwenye susu

Hesabu hii naipenda kuliko zote. Mtoto aliyezaliwa Mjini Unguja tarehe 1 Disemba 1963 alizaliwa katika nchi iliyo chini ya ulinzi wa Uingereza. Alipokuwa na siku 9 akawa katika Zanzibar huru ya Sultan Jamshid, na kabla ya wiki kwisha nchi yake ikapokewa Umoja wa Mataifa. Siku yake ya 42, tarehe 12 Januari 1964, yakaja Mapinduzi, na haukupita muda akawa mtoto wa Jamhuri ya Watu wa Zanzibar. Siku yake ya 147, tarehe 26 Aprili, ukaja Muungano.

Nchi nne, na hajatimiza miezi mitano! Jina la Tanzania lenyewe lilikuja baadaye, tarehe 29 Oktoba, naye pengine alikuwa ameanza kutambaa. Zanzibar huru ya Sultan ilidumu siku 33 tu, chini ya ile arubaini anayokaa mzazi ndani baada ya kujifungua. Mama aliyejifungua asubuhi ya uhuru alitoka arubaini chini ya serikali nyengine.

Kichanga wa Aden

Kisa maarufu kuliko vyote cha mtoto mwenye asili mbili katika Mji Mkongwe kilianzia juu ya mapaa. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, alikuwa jirani na mfanyabiashara wa Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Wakapendana, akashika mimba, na Agosti 1866 akatoroshwa usiku kwa meli ya kivita ya Uingereza, HMS Highflyer, mpaka Aden. Huko, Disemba ya mwaka ule, akazaliwa mtoto wao wa kwanza, Heinrich.

Hebu mwangalie kichanga huyu kwa macho ya afisa wa leo. Mama ni binti wa ukoo wa kifalme wa Oman na Zanzibar, na nyanya mzaa mama ni Mcherkesi. Baba ni wa Hamburg, mji uliokuwa dola yake wenyewe. Bandari ya kuzaliwa iko chini ya Waingereza wa India. Wazazi bado hawajafunga ndoa. Leo faili kama hilo lingezunguka afisi nne kabla ya kupata muhuri. Mwaka 1867 halikuulizwa chochote: Mei mama akabatizwa kwa jina la Emily, akaolewa, na siku ile ile wakapanda meli. Mtoto hakufika, alifariki njiani, Ufaransa.

Watatu waliomfuata walizaliwa Hamburg, na huo ndio mwanzo wa sehemu ya pili. Kwa kanuni za zama zile mke alifuata utaifa wa mume, na watoto wakafuata wa baba. Salme aliporudi Unguja mwaka 1885 alikuja na wanawe wakiwa watu wa Ujerumani, nyuma ya manowari za Bismarck zilizokuwa zikimbana kaka yake, Sultan Barghash. Watoto wa dada wakawa hoja ya kidiplomasia. Barghash alikataa kuwaona.

Mwanawe, Rudolph Said-Ruete, aliyezaliwa 1869, alikuja kuuacha uraia wa Kijerumani katika miaka ya 1930 na kuhamia London. Akafia Lucerne, Uswisi, mwaka 1946.

Mwaka ule ule, mji ule ule

Septemba 5, 1946, katika hospitali ya serikali Mjini Unguja, alizaliwa mtoto wa karani wa fedha wa Mahakama Kuu. Wazazi walikuwa Waparsi kutoka Gujarat, India, iliyokuwa chini ya Uingereza. Nchi aliyozaliwa ilikuwa ya Sultan, chini ya ulinzi wa Uingereza. Akiwa na miaka 8 akapelekwa skuli ya bweni Panchgani, India, na mwaka 1964 familia ikahamia Feltham, karibu na London.

Jina lake Farrokh Bulsara. Dunia inamjua kama Freddie Mercury, na watalii hupiga picha mlangoni Shangani bila ya kujiuliza alikuwa raia wa wapi alipokuwa na wiki moja. Jawabu halikai kwenye mstari mmoja.

Mama aliyeishitaki serikali, kisha akawa waziri wake

Unity Dow, wakili wa Botswana, aliolewa na Mmarekani mwaka 1984. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa 1979, kabla ya ndoa, kwa hiyo alikuwa Mbotswana. Wawili wa baadaye, wa 1985 na 1987, walizaliwa Botswana ile ile, na mama yule yule, lakini ndani ya ndoa. Sheria iliwahesabu kwa baba: wageni. Nyumba moja, tumbo moja, uraia wa nchi mbili.

Utamu, au uchungu, uko kwenye safari. Watoto hao wawili hawakuweza kusafiri kwa pasi ya mama yao. Walitegemea ya baba. Kama mama angeolewa baada ya kuzaa wote watatu, pasingekuwa na kesi. Sheria ilikuwa inaiadhibu ndoa!

Dow akaenda mahakamani 1990, akashinda, serikali ikakata rufaa, akashinda tena 1992. Mwaka 1995 sheria ikabadilishwa. Mwaka 1998 akawa mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Botswana, na 2018 akateuliwa Waziri wa Mambo ya Nje. Mama aliyezuiwa kusafirisha wanawe kwa pasi yake akawa msemaji wa nchi hiyo duniani.

Zaidi ya nchi 20 bado zinamhesabu baba peke yake

Kwa takwimu za shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, zaidi ya nchi 20 hazimpi mama haki sawa na baba ya kumpa mtoto uraia. Mbili ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: Burundi na Somalia. Kenya ilikuwa na kasoro hiyo kwa watoto wanaozaliwa nje mpaka Katiba ya 2010 ilipoifuta.

Oman, ambako Kiswahili husikika mpaka sokoni Muttrah, uraia kwa kawaida hupita kwa baba. Kwa hiyo baba Muomani na mama wa Ng'ambo ya Unguja wanapata mtoto Muomani, mahali popote atakapozaliwa. Mama Muomani na baba wa Ng'ambo kwa kawaida hawapati. Mabinamu wawili wanaweza kucheza ua mmoja Muscat, mmoja mwenyeji, mwengine akingojea kibali cha ukaazi kila muda wake ukiisha. Majina ya ukoo ni yale yale na pilau ni sinia moja.

Wapemba waliosubiri kizazi baada ya kizazi

Wavuvi wa Pemba wamekuwa wakivuka kwenda pwani ya Kenya tangu ukoloni, na wengine walivuka baada ya 1964. Wakakaa Kwale na Kilifi, wakaoa, wakazaa, wakazeeka. Wajukuu wao walizaliwa Kenya na wazazi waliozaliwa Kenya, lakini Kenya iliwaona wageni, na Zanzibar haikuwa na majina yao. Bila ya kitambulisho, mvuvi hapati leseni ya kuvua. Bila ya kitambulisho cha mzazi, mtoto anakwama kwenye cheti.

Julai 2023, Rais William Ruto alikwenda Kilifi na kuwatambua rasmi kuwa raia. Ni watu zaidi ya 7,000, wengi wao wakiwa hawajawahi kuiona Pemba. Kabla yao Wamakonde wa Kwale, wenye asili ya Msumbiji, walifunga safari kwa miguu kuelekea Ikulu ya Nairobi Oktoba 2016, na mwaka uliofuata wakatangazwa kabila la 43 la Kenya.

Nawaweka hapa makusudi. Tunapozungumza habari za viza ya kichanga, tunadhani tatizo ni pasi kuwa mbili. Kwa mtoto wa mvuvi wa Kilifi tatizo lilikuwa sifuri.

Mtoto wa kuokotwa: Kenya miaka 8, Uganda miaka 5

Katiba ya Kenya inasema mtoto akikutwa nchini, akionekana hajafika miaka 8, na wazazi wake hawajulikani, basi huchukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa. Uganda ina kifungu kama hicho, lakini mstari umechorwa kwenye miaka 5. Mtoto wa miaka 6 aliyepotea Busia, mji uliokatwa katikati na mpaka, ana bahati tofauti kwa kutegemea upande wa barabara aliokutwa analia.

Mpishi wa San Francisco

Marekani humpa uraia mtoto aliyezaliwa huko kutokana na mabadiliko ya katiba ya 1868. Aliyeithibitisha kanuni hiyo kwa watoto wa wageni ni mtu wa kawaida, mpishi, Wong Kim Ark, aliyezaliwa San Francisco mwaka 1873 kwa wazazi Wachina. Mwaka 1894 alikwenda China kutazama jamaa zake, na aliporudi akakataliwa kushuka melini: eti ni Mchina. Mahakama ya Juu ikampa haki yake 1898, kwa kura 6 dhidi ya 2. Januari 2025 Rais Trump alitoa amri ya kuibana kanuni hiyo, nayo ikapingwa mahakamani mara moja.

Uingereza walishabadilisha yao zamani. Aliyezaliwa London kabla ya tarehe 1 Januari 1983 ni Mwingereza moja kwa moja, isipokuwa wachache kama watoto wa mabalozi. Aliyezaliwa siku hiyo au baada yake anahitaji mzazi mwenye uraia au ukaazi wa kudumu. Wanafunzi wawili wa Kitanzania wakipata mtoto Manchester, mtoto ni Mtanzania, na akitoka kuja Unguja kuonyeshwa kwa bibi, atahitaji viza kurudi kwenye mji aliozaliwa. Akibaki miaka yake 10 ya mwanzo huko, anaweza kuandikishwa kuwa Mwingereza.

Dola 100 kwa asiye na meno

Viza ya kawaida ya Tanzania ni dola 50 kwa mataifa mengi. Kwa raia wa Marekani ni dola 100. Mtoto wa Wazanzibari aliyezaliwa Ohio akija kwa pasi yake ya Kimarekani anaingia kama Mmarekani mwengine yeyote, japo nyumba anayofikia Kikwajuni ni ya babu yake. Wageni wa Zanzibar nao wana bima ya lazima tangu Oktoba 1, 2024: dola 44 kwa mtu mzima, kwa muda wa siku 92.

Wazungu wa Schengen wana huruma zaidi hapo: mtoto chini ya miaka 6 halipi ada ya viza, wakati mtu mzima analipa euro 90. Uingereza na Marekani hawana habari ya umri. Kichanga analipia viza ya matembezi ada ile ile anayolipa babu. Na mashirika ya ndege, ambayo kwa mambo mengine hayana huruma hata kidogo, mara nyingi humtoza mtoto wa chini ya miaka 2 asilimia 10 tu ya nauli. Hutokea viza ya mtoto ikaipita nauli yake. Akitimiza miaka 2 kabla ya safari ya kurudi, mnunulie kiti chake.

Pasi ya baba haibebi mtu tena

Zamani jina la mtoto liliandikwa ndani ya pasi ya mzazi na mambo yakaisha. Katika miaka ya mwanzo ya picha za pasi, familia nzima ilipigwa pamoja, mama, baba na watoto, kama picha ya sikukuu. Uingereza iliacha kuandika watoto kwenye pasi za wazazi Oktoba 5, 1998. Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2012. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, lenye makao Montreal, linataka kila mtu awe na pasi yake bila ya kujali umri. Faida yake ni kubwa kuliko usumbufu: si rahisi tena mtu kuvusha mtoto asiye wake kwa jina lililoandikwa kwa kalamu.

Tanzania ilizindua pasi ya kielektroniki Januari 31, 2018, na ada yake ni shilingi 150,000.

Kufumba macho kunaruhusiwa

Picha ya pasi ya Uingereza, na ya nchi nyingi, ni milimita 35 kwa 45, ndogo kuliko kisanduku cha kiberiti, na ndani yake mtu mzima haruhusiwi kucheka wala kugeuka. Kwa kichanga, Waingereza wamesalimu amri. Chini ya miaka 6 si lazima aangalie kamera wala atulize uso. Chini ya mwaka 1 si lazima hata afumbue macho. Mkono wa mama unaweza kumshika kichwa, ila usionekane.

Wapiga picha wa Darajani wana dawa yao: shuka jeupe, mtoto alazwe chali, mpigaji asimame juu yake, na shangazi atikise funguo. Wamarekani nao, katika maelekezo yao rasmi, wanasema hivyo hivyo kuhusu shuka. Funguo hawakuzitaja.

Alama za vidole ziko tayari kabla ya jina

Mistari ya vidole huanza kujichora mtoto akiwa tumboni, na kabla ya mwezi wa saba wa mimba imekwishakamilika. Hata mapacha wa kufanana hawana mistari sawa. Yaani mtoto ana kitambulisho chake kabla ya akika na kabla serikali yoyote haijajua kama yupo.

Mashine ndiyo haimuwezi. Kidole chake ni kidogo, ngozi laini, na hakitulii. Kwa hiyo Schengen haichukui alama za aliye chini ya miaka 12, Uingereza chini ya miaka 5, na Marekani kwa kawaida chini ya miaka 14.

Raia wa Utopia

Chini ya ukurasa wa picha wa pasi kuna mistari miwili ya herufi kwa ajili ya mashine, kila mmoja una nafasi 44. Mtanzania huandikwa TZA. Ujerumani ina herufi moja tu, D. Asiye na uraia wowote ana alama yake, XXA, na kichanga anaweza kuzaliwa nayo kama wazazi wake hawana nchi ya kumrithisha. Kwa majina marefu ya Kizanzibari, mtoto, baba, babu na ukoo, nafasi hizo 44 huwa hazitoshi, nayo mashine hukata bila ya kuomba radhi.

Kwenye mifano ya kitabu cha kanuni za pasi, ili nchi yoyote isinung'unike, wametunga nchi isiyokuwepo: Utopia, alama yake UTO. Ni nchi pekee ambayo haijawahi kumkatalia mtu viza.

Karatasi isiyokwisha muda

Pasi huisha. Viza huisha haraka zaidi. Lakini mtoto akifikisha miezi 9 anaweza kuchanjwa homa ya manjano, na kadi yake, tangu Julai 11, 2016, ni ya maisha yote. Kabla ya hapo ilidumu miaka 10. Tanzania huidai kwa wasafiri wa kuanzia mwaka 1 wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo, na majirani zetu Kenya na Uganda wamo. Wa chini ya mwaka 1 hupita bila ya kuulizwa.

Hakikisheni tu kwamba jina la kwenye kadi linafanana na la kwenye pasi, herufi kwa herufi. Mwanamkuu wa kwenye cheti, Mwanamkuwa wa kwenye kadi na M. Kuu wa kwenye tiketi watahesabiwa watu watatu, na aliyepakatwa ni mmoja.